Uzoefu wangu: kuliwinda vumbi la Kilimia kwa darubini ya milimita 50

Darubini hii ninayo mwezi wa nne sasa. Ni ile aina inayojitafutia nyota yenyewe: lenzi ya milimita 50, kamera imo ndani, unaiendesha kwa simu. Kwa Mwezi na Nebula ya Orion (nebula ni wingu la gesi au vumbi huko angani) sina neno, hata mtoto anaweza. Nikajiona fundi. Nikahamia kwenye Kilimia, lile kundi la nyota zilizosongamana, kulitafuta lile wingu la buluu linaloizunguka nyota ya Merope, na hapo ndipo tulipoanza kujuana.

Usiku wa kwanza nilikiacha kichujio cha taa za mjini kimewashwa, maana kijitabu kilichokuja nayo kinasema kinafaa kwa nebula. Nebula zipi, hakisemi. Kichujio kile hupitisha mwanga wa hidrojeni na oksijeni, basi. Wingu la Merope si gesi inayowaka, ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota, na buluu ndiyo inayotawanywa zaidi. Mwanaastronomia Vesto Slipher alipouchambua mwanga wake mwaka 1912 aliukuta unafanana na wa nyota zenyewe. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakitupa kilekile nilichokifuata.

Baada ya saa nzima nikapata nyota zilizozungukwa na ukungu. Nikafurahi, nikawarushia rafiki zangu. Kabla ya kulala nikaikuza picha: kila nyota angavu ina duara lilelile, safi kana kwamba limechorwa kwa bikari. Ulikuwa mng'ao wa vioo tu. Sikumwambia mtu.

Mara ya pili nilisubiri usiku usio na Mwezi, nikaenda penye giza, kichujio nikakizima. Picha za sekunde 10, moja baada ya nyingine, kwa saa mbili. Darubini huzipandanisha yenyewe, na zilizotikiswa na upepo huzikataa. Zikabaki 511, yaani dakika 85 za mwanga. Kwenye simu ilionekana kijivu kitupu. Nikaihamishia kwenye kompyuta, nikawa naongeza mwanga wa sehemu za giza kidogo kidogo, na kusini mwa Merope zikaanza kutokea nyuzi, kama nywele zilizochanwa kuelekea upande mmoja. Buluu ya kupauka. Hapana duara hapo. Nilikaa naitazama mpaka chai ikapoa.

Lawama zangu: fremu ni nyembamba, Kilimia chote hakiingii, lazima uchague nyota. Stendi inazunguka na kuinuka tu, haifuati mzunguko wa anga, kwa hiyo picha inajipinda polepole na pembe zake inabidi uzikate. Mkanda wa joto unazuia umande vizuri sana ila unakula betri; beba ya akiba.

Naipa nyota nne. Ya tano nimeibana mpaka waongeze kwenye kile kijitabu sentensi moja: kwa nebula za vumbi, zima kichujio.