Kapasita za amplifaya ya valvu: usinunue chini ya volti 500

Malalamiko ya wasomaji wenye amplifaya za valvu (zile taa za kioo za zamani zinazokuza sauti) yanafanana: kapasita zote za pawa, zinazohifadhi na kutuliza umeme, zimebadilishwa, wiki mbili baadaye moja imevimba. Nyingi zilikuwa za volti 450, "kama zilivyokuwa". Kosa lilianzia hapo.

Umeme wa Uganda ni volti 240. Transfoma iliyosukwa kwa 220, yenye upande wa kutoa 300, hapa inatoa 327. Zidisha kwa 1.414 upate kilele chake: 463. Kapasita ya kwanza baada ya rektifaya (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC) huzipokea zote kabla valvu za sauti hazijapata moto na kuanza kula umeme, hasa rektifaya ikiwa ni daiodi au valvu ya 5Y3, ambayo huwaka upesi. Valvu za rektifaya za EZ81 na GZ34 hupanda taratibu, lakini washa bila EL84, valvu za kutoa sauti, uone. Mita ukiishika baada ya dakika tano itasoma 400 na kukudanganya.

Chaguo langu la kwanza ni F&T ya Ujerumani, volti 500, na upendeleo huo siuombei radhi. Chukua maikrofaradi 22 au 47. Usizidishe kwa tamaa ya kuondoa mngurumo: kwenye kapasita ya kwanza kikomo cha EZ81 ni 50, cha GZ34 ni 60. Ukiweka 100 unaua rektifaya.

Chaguo la pili ni JJ ya Slovakia, 50+50 (mbili ndani ya kopo moja) kwa volti 500, pale kopo la zamani lilipofungwa kwa bangili yake.

Ukizikosa, unga mbili za maikrofaradi 100, volti 350, kwa mfululizo: unapata 50 kwa volti 700. Kila moja iwekee sambamba rezista ya kilo-omu 220, wati 2, la sivyo moja itabebeshwa volti nyingi kuliko mwenzake. Kopo la ile ya juu lisiguse chasisi. Lina volti karibu 200.

Za kuchomoa kwenye televisheni mbovu? Acha.

Zile ndogo za kati ya valvu, maikrofaradi 0.022 hadi 0.1, nunua WIMA za polipropilini, volti 630. Za karatasi na nta huvujisha: chomoa EL84, pima kwenye mguu wa gridi (unaopokea sauti) wa soketi yake, na ukiona hata nusu volti, itupe kapasita hiyo.

Kinachoudhi ni muuzaji anayekupa ya 400 na kuapa "bosi, ni zile zile", kisha ukitaja 500 bei inapanda ghafla, ilhali kapasita yenyewe hana.