Battlestar Galactica: msaliti ni nani hasa? Uzoefu wangu baada ya kuimaliza yote

Aisee nimemaliza tamthilia ya Battlestar Galactica, ile mpya ya Ronald D. Moore siyo ile ya 1978, na naandika wakati bado imenikaa kichwani. Natoa angalizo mapema, humu namwaga kila kitu, nani anakufa nani anamgeuka nani, kwa hiyo kama hupendi kuhadithiwa ishia hapahapa kaiangalie kwanza.

Kwa ambao hawaijui kabisa, watu wanaishi kwenye sayari 12, walitengeneza maroboti yanaitwa Cylon, yakaasi, ikapiganwa vita, yakapotea miaka 40 hivi, afu yakarudi mengine yana sura na miili ya binadamu kabisa. Siku moja tu sayari zote zinalipuliwa kwa nyuklia, wanabaki watu kama elfu 50 kwenye meli za anga za kila aina, na mlinzi wao ni meli moja ya kivita ya zamani, Galactica, ambayo siku hiyohiyo ilikuwa inastaafishwa iwe makumbusho. Ilianza kama filamu ya sehemu 2 Desemba 2003, zikafuata sizoni 4, ikaisha Machi 2009. Picha zake hata leo hazichekeshi, na mziki wa Bear McCreary, zile ngoma, we acha tu.

Ila mi sijaja kuongelea mapigano ya angani. Tumeiangalia watu watatu, mimi, bro na shemeji yangu, na kila tukizima TV ugomvi ulikuwa mmoja tu, nani msaliti. Mwanzoni unadhani swali jepesi, Cylon ni adui binadamu ni mwenzetu basi. Kufika sizoni ya 2 hapo ndo unajikuta unamtetea Cylon na unamlaani binadamu, na hakuna mtu kakulazimisha.

Tuanze na Gaius Baltar maana ndo anayetajwa na kila mtu. Msomi, ana akili kupita kiasi na tamaa hivohivo, kampa mwanamke njia ya kuingia kwenye mitambo ya ulinzi, kumbe yule mwanamke ni Cylon, dunia zote 12 zikaisha. Bro yeye kamhukumu kunyongwa tangu dakika ya kwanza. Mimi hapana. Baltar simuiti msaliti, namuita mwoga, ni tofauti. Msaliti lazima awe na upande aliouacha, na Baltar hajawahi kuwa na upande wowote zaidi ya ngozi yake, kwa hiyo ukimwamini umejitakia. James Callis kaicheza hiyo nafasi mpaka unacheka halafu unajiona mbaya kwa nini unacheka. Kwenye kesi yake ya uhaini mwisho wa sizoni ya 3 anaachiwa kwa kura 3 kwa 2, na mmoja wa waliomwachia ni Adama mwenyewe, kamanda wa Galactica! Kilichomwokoa ni maneno ya Lee Adama, mtoto wa kamanda, pale kizimbani, kwamba hawa watu wameshasameheana kila kitu, uasi, mapinduzi, mabomu ya kujitoa mhanga, sasa iweje msamaha uishe kwa mtu mmoja tu wanayemchukia wote. Bro alisusa akaenda kulala.

Halafu kuna Boomer na Athena. Hawa ni Cylon wa aina moja, sura moja, wote wanachezwa na Grace Park, na yule dada anastahili sifa maana ilifika mahali najua huyu ni yupi kabla hajafungua mdomo, kwa anavosimama tu. Boomer alikuwa rubani pale Galactica hajui kama ni Cylon, anampenda fundi mkuu Tyrol, anamheshimu Adama kama baba, afu mwisho wa sizoni ya 1 anampiga Adama risasi 2 za kifua palepale mbele ya watu, na yeye mwenyewe anashangaa bastola imefikaje mkononi. Athena yeye alianza akijua kabisa ni Cylon, katumwa kumhadaa Helo, mwanajeshi wa Galactica, akaishia kumpenda kweli, akabeba mimba, akahamia upande wa binadamu. Walimfunga, mtoto wakamwambia kafa wakati Rais Roslin kamficha, na bado aliposhika silaha aliishika kwa ajili yao. Kule New Caprica, sayari ambayo binadamu walihamia Cylon wakaja kuiteka, alipotumwa kuiba funguo za kurushia meli anakutana na D'Anna, Cylon mwingine, D'Anna anamwambia mwanao yuko hai hao watu wako wamekudanganya, na Athena anajibu Adama hawezi kunidanganya, anampiga risasi za miguu anaendelea na kazi. Na D'Anna ndo alikuwa anasema ukweli! Pale shemeji alisimamisha picha akaniangalia, “Shem, huyo ndo adui?” Sikuwa na jibu.

Sasa tuje kwa mtu aliyevuruga nyumba yetu. Luteni Felix Gaeta.

Kama umeangalia juujuu Gaeta unaweza usimkumbuke, ni yule kijana anayesimama kwenye meza ya mahesabu ya kuruka, mpole, anafanya kazi yake. Baltar akiwa rais New Caprica, Gaeta akawa msaidizi wake, Cylon wakaja wakaiteka sayari, Gaeta akabaki ofisini na watu wote wakamuona kibaraka. Kumbe usiku anatoa nyaraka za siri anawapelekea wapiganaji wa chini kwa chini, anaziacha kule kwenye takataka, na ishara ni bakuli la mbwa la njano. Bila zile taarifa hakuna aliyetoka pale. Wanarudi kwenye meli, kundi la watu 6 linajipa kazi ya kuwahukumu vibaraka kimyakimya na kuwatupa nje angani, wanamkamata Gaeta, wanampigisha magoti. Starbuck, rubani mmoja wa kundi hilo, anamtaka aombe, abembeleze. Haombi. Anataja lile bakuli, na Tyrol aliyekuwa anapokea zile taarifa bila kujua zinatoka kwa nani anaelewa hapohapo, anamfungua. Hamna aliyesema samahani ya maana, wanaondoka wanamwacha pale.

Sasa hesabu yaliyofuata. Anapigwa risasi ya mguu na Anders, mwenzao wa upande huohuo, mguu unakatwa, baadaye inajulikana Anders ni Cylon. Kanali Tigh, mkubwa wake na rafiki wa damu wa Adama, naye Cylon, na bado yuko kazini anatoa amri. Dunia waliyoahidiwa wanaikuta majivu. Dualla, rafiki yake, anajiua (aliyemcheza ni Kandyse McClure, mzaliwa wa Afrika Kusini, na hiyo episodi nilishindwa kuongea). Halafu Adama anatangaza tunaungana na Cylon walioasi, tunawaruhusu wafunge injini zao kwenye meli zetu. Gaeta akasema hapana, akaasi pamoja na mwanasiasa Tom Zarek. Zarek naye kachezwa na Richard Hatch, ambaye kwenye ile ya 1978 ndo alikuwa Apollo, shujaa mkuu, naona walifanya makusudi kabisa.

Bro msimamo wake ni amri ni amri, jeshini hukaai kikao na mkuu wako, ukinyanyua bunduki kwa kamanda ni risasi. Shemeji akamjibu, “Baba watoto, mtu kakatwa mguu kwa risasi ya Cylon halafu huyo Cylon analetewa chakula na dawa, we ungekaa kimya?” Na mimi katikati. Mi naona hoja za Gaeta karibu zote zilikuwa sahihi, alichoharibu ni kuchagua mwenzake. Yeye alitaka kesi, ushahidi, utaratibu, anadhani ataendesha uasi kwa karatasi. Zarek akaliingiza baraza lote la wawakilishi chumbani likamiminiwa risasi, na ukimwangalia usoni Gaeta anapoambiwa (Alessandro Juliani hapo kafanya kazi) unaona anaelewa kwamba ameshachelewa kurudi. Mwisho yeye mwenyewe ndo anaamuru silaha zisitumike, anajisalimisha wakati Zarek anampigia kelele. Kabla ya kupigwa risasi anakunywa kahawa na Baltar, Baltar huyohuyo aliyewahi kumchoma kalamu shingoni, na ambaye Gaeta naye alimtolea ushahidi wa uongo mahakamani! Maana ndio, kwenye ile kesi Gaeta aliapa kwamba Baltar alisaini orodha ya watu wa kuuawa bila kulazimishwa, wakati sisi watazamaji tuliona bastola ilivyowekwa kichwani. Shemeji hilo hapendi kukumbushwa.

Na kuna kitu wengi wanaruka, zile episodi fupi 10 za mtandaoni zinaitwa The Face of the Enemy, ziangalie kabla ya nusu ya pili ya sizoni ya 4. Pale unajua kwamba New Caprica Gaeta alikuwa anampa Cylon mmoja majina ya wafungwa ili wasaidiwe kutoka, kumbe yule Cylon alikuwa anawamaliza. Ukishaona hiyo, hasira yake kwa Cylon unaisikia tofauti, nusu anajipiga mwenyewe.

Tigh nae simuachi. Mzee mlevi, jicho moja Cylon walimtoa kule New Caprica, mkewe Ellen alipotoa siri za wapiganaji ili kumwokoa yeye, alimpa kinywaji cha sumu kwa mkono wake akamkumbatia mpaka akakata roho. Afu anakuja kugundua yeye ndo Cylon. Anafanya nini? Anavaa shati vizuri anaenda kuripoti kazini. Michael Hogan kama hakupewa tuzo kwa pale sijui tuzo ni za nini.

Malalamiko yapo. Waandishi hawakuwa na jibu la wale Cylon 5 wa mwisho, ambao hata wenyewe hawakujua ni Cylon, tangu mwanzo na inaonekana, Tory, mmoja wao, ndo kaumia zaidi, anamuua Cally, mke wa Tyrol, kikatili lakini hajapewa utu wa kutosha tukamwelewa, hivo Tyrol anapokuja kumnyonga episodi ya mwisho na kuvuruga mapatano yote na Cylon unaona ni bahati mbaya ya mwandishi. Boomer naye, kumteka Hera, mtoto wa Athena, na ile aliyoifanya na Helo huku Athena amefungwa kabatini anaona kila kitu, halafu mwishoni anamrudisha mtoto eti alikuwa anadaiwa na mzee Adama, Athena hakumjibu kitu zaidi ya risasi, na mi nilikuwa upande wa Athena. Katikati ya sizoni ya 3 kuna episodi zinaburuza, zile za ndoa za watu na ngumi, unaweza kupika huku unasikiliza.

Naipa 9 kwa 10. Anza na ile ya 2003, usianzie sizoni ya 1 maana hutaelewa, halafu nenda episodi inaitwa 33, ile ya kukimbizwa kila dakika 33 watu hawajalala, ilichukua tuzo ya Hugo. Ukifika Crossroads, ile ya mwisho wa sizoni ya 3, usiangalie usiku kama kesho una kazi. Na ukimaliza njoo useme uko upande wa nani kwa Gaeta, maana shemeji anatafuta watu wa kumuunga mkono na bro hajalegeza hata kidogo.