Boksi la ORS na zinki pamoja: uzoefu wangu, nyota 4 kati ya 5

Nazungumzia lile boksi dogo la dawa ya kuhara kwa watoto, lenye pakiti 4 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na bliste moja, yaani karatasi ngumu ya kubonyezea vidonge, yenye vidonge 10 vya zinki, kila kidonge mg 20. Nalitoa kwenye dirisha la dawa mara kwa mara, na nyumbani pia halikosekani. Nyota ya tano nimeibana kwa sababu ya maji, nitafika huko.

Sifa yake kubwa ni kwamba vitu viwili vimekaa ndani ya boksi moja. Linaonekana jambo dogo, lakini muulize yeyote anayehudumia dirisha la dawa. WHO na UNICEF walishaelekeza tangu 2004 kwamba mtoto anayehara apewe ORS ile yenye chumvi na sukari iliyopunguzwa, pamoja na zinki. Zikiagizwa kama bidhaa mbili, moja huisha kabla ya nyingine, na mara nyingi ni zinki. Mama anaondoka na nusu ya tiba. Sera ya Tanzania inamsamehe malipo mtoto wa chini ya miaka 5 kwenye vituo vya umma, ila msamaha huo haujazi rafu. Mwaka 2019 WHO ikaliweka boksi la pamoja kwenye orodha yake ya dawa muhimu, na kwa maoni yangu kila mpangaji wa dawa wa wilaya angeagiza hivyo hivyo: boksi zima, si vipande.

Sasa maji. Soma uzito ulioandikwa kwenye pakiti kabla hujaichana. Gramu 20.5 ni ya lita 1. Gramu 10.25 ni ya nusu lita. Maduka huuza zote mbili na kwa mbali zinafanana. Kosa ninaloliona zaidi ni pakiti ya lita 1 kumiminwa kwenye chupa ya nusu lita, kwa kuwa ndiyo chupa iliyopo nyumbani. Hapo chumvi na sukari zinakuwa mara mbili. Mchanganyiko mzito namna hiyo huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta kwenye utumbo, kuhara kunazidi, na chumvi ya kwenye damu inapanda. Mzazi anasema ORS imemharisha mtoto, na kwa kweli hakosei sana. Kugawa unga nusu kwa macho nako hakufai, maana chumvi na sukari hazijakaa sawasawa ndani ya pakiti. Ukiweza kuchagua, chukua boksi lenye pakiti za nusu lita. Mtoto mdogo ni nadra kumaliza lita nzima ndani ya saa 24, na baada ya hapo kilichobaki ni cha kumwaga.

Chemsha maji, yapoe kabisa, ndipo utie unga. Ukishachanganya usichemshe tena. Usiongeze sukari, juisi wala soda. Onja mwenyewe: chumvi yake isizidi ya machozi. Unga ulioganda lakini bado mweupe na unayeyuka hauna neno. Ukishabadilika kuwa wa kahawia, tupa.

Kipimo ni baada ya kila choo cha maji: chini ya miaka 2, ml 50 hadi 100, yaani vijiko vya chai 10 hadi 20; kuanzia miaka 2, ml 100 hadi 200. Kwa kijiko au kikombe, taratibu. Akitapika subiri dakika 10, kisha anza tena kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Chupa ya chuchu siipendi kwa kazi hii: mtoto mwenye kiu huvuta kwa pupa na yote yanarudi. Kunyonya na kula kunaendelea kama kawaida.

Zinki ndiyo inayoachwa njiani. Kuanzia miezi 6 ni kidonge 1 kwa siku, chini ya hapo nusu kidonge, kwa siku 10 hadi 14. Kiweke kwenye kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Husambaratika ndani ya dakika moja hivi bila kusagwa. Ladha yake ni ya chuma, wengine hukunja uso na kutema. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Shida hasa ni siku ya tatu: choo kimeshakuwa kigumu, bliste inarudishwa kabatini. Zinki hufupisha kuhara kwa takribani robo ya muda, lakini faida nyingine, ya kumkinga asihare tena kwa miezi 2 au 3 inayofuata, inategemea kumaliza dozi. Boksi langu halisemi hivyo popote, limeandika tu "siku 10".

Usitegemee lifunge tumbo usiku huo huo. ORS inarudisha maji, haizibi choo. Anayekuja kuomba "dawa ya kufunga" au antibayotiki kwa mtoto mwenye choo cha maji tu, hizo simpi. Loperamide, moja ya hizo dawa za kufunga, kwa mtoto mdogo inaweza kulemaza utumbo kabisa.

Boksi hili halimtoshi mtoto mwenye damu kwenye choo, anayetapika kila kitu, aliyelegea au asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyodidimia, au ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole. Vilevile aliyeharisha siku 14 au zaidi. Huyo ni wa kituoni, na njiani endelea kumpa vijiko kama anaweza kumeza. Mwenye utapiamlo mkali naye apelekwe moja kwa moja, maana chumvi ya ORS ya kawaida ni nyingi kwake.

Wakiweka ndani ya boksi mfuko wa plastiki wenye mstari wa ml 500, nyota ya tano naitoa siku hiyo hiyo. Kwa sasa, wakati wa kununua fungua boksi palepale na uhesabu: nimeshakuta maboksi yaliyochomolewa bliste ya zinki ikauzwa peke yake.