Buze gani ununue kwa rangi ya pudre ya metalize

Batu mingi hapa Lubum bakianza kazi ya pudre (rangi ya unga inarushwa na pistole, kisha inachomwa mu furu) banauliza kwanza pistole ya bei gani, kumbe kwa metalize (pudre iko na chembe za aluminiamu za kungʼaa) njo buze, ule mudomo wa pistole pa kutokea unga, inaamua, unaweza kuwa na pistole ya dola mingi na bado geti ikatoka na madoa.

Ya kwanza, minaweka bila mabishano: buze ya bapa, ile iko na mupasuko moja mbele. Inafanya milango ya parsele, grilye, majante, karibu kila kitu. Chembe za aluminiamu zinapitisha kura (umeme), sasa zikirundikana mbele ya elektrode (kale kasindano ka kuchaji unga) zinafungulia kura njia ya kukimbia, unga unakosa chaji, kisha lile rundo linatoka mara moja paa! juu ya kazi. Ku buze ya bapa hakuna mahali mingi pa kurundikana. Ununue hata mbili za akiba juu mupasuko unalika, na uhakikishe inaingia ku modeli ya pistole yako, zile kopi za bei chini angalia kama mupasuko umenyooka.

Ya pili ni ile ya kisahani, kiko mbele kinatawanya unga. Wingu yake ni pana na polepole, muzuri ku matole makubwa, lakini metalize inashika pale ku kisahani, utapangusa kila saa. Ukishachoka kupangusa njo madoa inaanza.

Ya mwisho pistole ya tribo, ile inachaji unga kwa kusuguana mu mirija. Kwa metalize acha, paka kama fishi ya pudre (karatasi ya maelezo ya mutengenezaji) imeandika wazi inakubali.

Mashine yenyewe: chukua ile inakuacha upunguze kilovolti (nguvu ya kusukuma kura) na mikroampere (wingi wa kura) pia, nyingi za bei rahisi ziko na kilovolti tu. Anza kilovolti 60 mpaka 70, mikroampere karibu 20, pistole mbali sentimita 25 ao 30. Ku makona batu banaongeza kilovolti, hapana, ushushe, kura inakimbilia ku kingo na ndani kunabaki wazi. Na masi (njia ya kura kushuka mu udongo)! Ndoano ya kutundikia kazi ikijaa rangi ya zamani kura haipite, ukune mpaka chuma ionekane.

Kama kliyenti ameleta mageti ine, zote pistole moja, buze moja, mipangilio moja, ukibadilisha katikati rangi inageuka na ataona palepale akizisimamisha pamoja. Unga uliodondoka usirudishe mu tanki kama ni metalize ya kuchanganywa tu (chembe ziko peke mu unga), chembe na unga hazirudi kwa kipimo kile, ile ya kubandikwa (chembe zimeshikishwa ku unga) njo inavumilia kidogo.

Pesa ikibaki nunua filtre ya kukausha hewa ya kompresere mbele ya mvua ya Novemba, maji ikiingia mu pudre hakuna buze itakusaidia.