Karakana isiyo na kibao kule Katuba, Lubumbashi, kwa wenye motokilta iliyokwama gia

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta: dola 45 za kazi, dola 14 za vipuri, oili tulinunua wenyewe. Kwa pesa hiyo motokilta yetu, iliyokuwa imegoma kabisa kubadili gia, imerudi shambani upande wa Kafubu na inaingia gia zote, hata ile ya kurudi nyuma ambayo tangu tuinunue ilikuwa ya kubembelezwa. Fundi mwingine, karibu na katikati ya mji, alitudai dola 380, kwa kuwa kwa maoni yake sanduku la gia lilikuwa limekufa na lazima tuagize jipya. Jina la garaji yake silitaji.

Kwa asiyeijua mashine yenyewe: ni ile trekta ndogo ya magurudumu mawili, unatembea nyuma yake umeshika mikono yake miwili kama mtu anayesukuma toroli. Yetu ina injini ya dizeli ya silinda moja, nguvu za farasi 12, inawashwa kwa kuzungusha mkono. Tuliinunua mkononi mwa mtu, kwa pesa za likelemba, yaani mchango wa zamu, sisi akina mama tunaolima mahindi na kabichi. Inafanya kazi msimu wa mvua, na mvua zikikatika mwezi wa nne inalala chini ya bati lisilo na kuta mpaka Novemba. Hapo katikati ni baridi ya Juni, upepo wa Agosti na lile vumbi letu jekundu linaloingia hata kwenye sufuria yenye mfuniko.

Mwaka huu mvua ya kwanza ilipogonga tukaenda kuiamsha. Injini ilishika bila matata. Mkono wa gia ndio haukusogea. Ulikuwa umeganda kwenye gia ya pili, si mbele si nyuma. Maana yake ukiachia klachi mashine inaondoka, utake usitake, na kuiwasha inabidi mmoja ang'ang'anie klachi huku mwingine akizungusha injini. Kulima hivyo ni kutafuta kuvunjika mguu. Na mahindi ya huku hayana subira: mvua inaishia Aprili, anayepanda Januari anavuna majani, halafu anapanga foleni na wengine kununua unga uliopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo tulikuwa na haraka, na haraka ndiyo iliyotupeleka kwa yule wa kwanza. Hakuuliza kitu. Alipiga mkono wa gia kwa nyundo mpaka ukapinda, akafuta jasho, akataja dola 380.

Huyu wa Katuba tulielekezwa na mwenye mashine ya kusaga unga. Usitafute kibao, hakuna. Utaona ukuta wa matofali ya kuchoma uliokatwa katikati, pampu za maji zimepangwa mbele, na bati limefunika nusu ya kiwanja tu. Mwenyewe ni mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alifanya kazi Panda, Likasi, kwenye zile karakana kuu za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, akatoka mwaka 2003 na kundi kubwa la ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Wenye umri wangu wanajua hiyo hiari ilikuwa ya namna gani. Cha kutazama ni vile alivyopanga funguo zake ukutani: kila moja ina kivuli chake kimechorwa kwa rangi nyeupe, na jioni vijana hawaondoki kabla vivuli vyote havijafunikwa.

Tulipoteremsha mashine kwenye kamioneti, kijana mmoja akaniuliza, "Mama, mwenye mashini iko wapi?" Nikakaa kimya. Mzee akajibu bila kugeuka, "Njo huyu. Uliza ye." Hapo hapo nilimpa nyota ya kwanza.

Halafu akauliza yeye. Mashine ililala juu ya nini, udongo au simenti? Siku ya mwisho iliachwa katika gia au huru? Iliwahi kuoshwa kwa mpira wa maji? Mkono uligoma ghafla au ulianza kuwa mzito? Nilijibu nilichojua. Kisha akamwambia kijana mmoja avute klachi, mwingine asukume gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo, yeye akaweka kiganja juu ya mkono wa gia, bila nguvu, kama anayesikiliza. Akanieleza kwamba ndani ya sanduku hili gia zinateleza ubavuni ziingiliane na wenzake, na meno yakikutana ncha kwa ncha hata watu wanne hawatayaingiza. Ila ukilitikisa gurudumu, meno yanapata nafasi yanapita. Wapo wanaolipa garaji kwa shida inayoisha hapo tu.

Yetu haikuishia hapo. Akaenda kwenye klachi: kama haiachii kabisa, injini inaendelea kuvuta gia, na gia inayovutwa haitoki. Akapima mchezo wa waya kwa vidole, akakaza nati, akalegeza hata mikanda ya injini ili kusiwe na chochote kinachovuta. Mkono ukabaki palepale. "Basi ni mu ndani," akasema, na ndipo alipochukua ufunguo wa kwanza.

Alifungua skrubu ya kumwagia oili, iliyo chini kabisa. Kwanza yalitoka maji. Maji matupu, karibu kikombe kizima, kwa sababu maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini yake. Nyuma yake ikafuata oili nyeupe yenye povu. Mzee akanionyesha yalikoingilia: ule mpira unaoziba shina la mkono wa gia ulikuwa umepasuka, tena zamani, mpasuko wenyewe umeshika vumbi. Kila mvua iliyolowesha mashine ilikuwa inateremka taratibu kwenye sanduku.

Mfuniko wa juu ulipotoka, hata mimi niliona. Kuna fimbo ya chuma ambayo uma umeishika, na uma ndio unaosukuma gia. Fimbo hiyo ilikuwa inang'aa kote isipokuwa pale inapoingia kwenye ukuta wa sanduku. Hapo palikuwa na pete ya kutu ya kahawia, upana wa kidole. Ni hiyo tu. Meno yalikuwa mazima, uma haukupinda, beringi hazina kelele. Dola 380 zilikuwa zimesimama juu ya kutu ya upana wa kidole.

Hakuna nyundo iliyopita hapo. Alitoa kwanza gololi na springi yake, zile zinazoishikilia fimbo kwenye vishimo vyake ili gia isichomoke njiani, akazitia kwenye kopo ili zisipotee. Akamimina mazutu, yaani dizeli, kwenye kutu, akaacha ilale usiku. Kesho yake akaanza kuizungusha fimbo kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Hakuivuta, aliizungusha, kidogo huku, kidogo kule, mpaka kutu ikaanza kutoka kama uji. Alipoitoa nzima akaipitisha msasa laini wenye oili, akaipangusa, akairudisha, akaniita: "Mama, kuya. Tia kidole."

Nilisukuma kwa kidole kimoja. Ikaenda. Gololi ikaanguka kwenye kishimo chake, tak, kisha cha pili, tak. Mimi si mtu wa mashine lakini sauti ile niliielewa.

Kilichobaki kilikwenda haraka. Sili mpya mbili, mkono uliopinda ukanyooshwa kwa moto, sanduku likaoshwa kwa mazutu huku vijana wakizungusha magurudumu kwa mkono, likamwagwa, ikatiwa oili nzito namba 90. Mpira wa shina la gia haukupatikana mjini kwa saizi yetu, akakata mwingine kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akaufunga kwa waya. Sura yake si ya kuonyesha wageni. Tangu hapo mvua imetupiga shambani na skrubu ya chini nikiilegeza hakitoki kitu ila oili safi.

Niseme na kile nilichokikuta kwenye kona ya kiwanja, maana wanaokwenda pale wote wanakiuliza. Ni mashine ya rangi ya chungwa, mbele ina mdomo mpana wenye parafujo kubwa ndani yake, na juu bomba lililopinda. Vijana wanaiita trekta ya Wazungu. Ilishuka kwenye kontena la vitu vya mitumba kutoka Kanada, na aliyeinunua aliamini ni motokilta. Kumbe ni mashine ya kuondoa theluji: parafujo inaikokota, feni inairusha pembeni kupitia lile bomba. Lubumbashi, mahali ambapo baridi kali tuliyo nayo ni ya kuvaa koti asubuhi ya Julai!

Iliingia pale kwa ugonjwa uleule, mkono wa gia umekwama. Nilimwomba mzee anionyeshe, akaisimamisha, mdomo chini, akafungua bati la chini. Ndani hakuna gia za meno kabisa katika kubadili mwendo. Kuna sahani bapa ya chuma inayozungushwa na injini, na gurudumu jembamba lenye ukingo wa mpira linalobanwa juu ya uso wake. Ukisogeza mkono, gurudumu linahama juu ya sahani: karibu na katikati mwendo ni mdogo, ukingoni ni mkubwa, na likivuka katikati kwenda upande wa pili mashine inarudi nyuma. Gurudumu hilo huteleza juu ya shafti ya pembe sita, na hiyo shafti ndiyo iliyoshika kutu. Huko kwao mashine hizi zinalala kiangazi chote, na theluji ya kwanza ikianguka wenye nazo wanakuta kilekile tulichokuta sisi Novemba. Aliisafisha kwa njia ileile, oili ya kupenya na msasa, ila akasisitiza jambo ambalo kwetu halipo: grisi isiguse sahani wala mpira, kwa sababu vyenyewe vinafanya kazi kwa kusuguana, vikipata mafuta vinateleza na mashine haiendi. Sasa inabadili mwendo vizuri sana, na haina kazi. Aliyeinunua amekuja kuuliza kama injini yake inaweza kuzungusha pampu. Mzee amekubali, lakini nilimwona anaichelewesha kidogo. Nadhani amekwisha kuipenda.

Sasa lawama, maana zipo. Mvua ikinyesha kazi inasimama, kwa sababu ya lile bati la nusu, na msimu wa watu kupeleka motokilta ndio huohuo wa mvua. Jumamosi hafungui, anasali, na simu huwa imezimwa; usipeleke mtu bure. Risiti hatoi, nilipomweleza kwamba pesa ni ya kikundi, akaandika kwenye karatasi ya daftari la mwanafunzi na kutia sahihi, na mweka hazina wetu alinung'unika juma zima. Anataka nusu ya pesa kabla. Pia ana tabia ya kufundisha: hutaondoka na mashine yako kabla hujarudia maneno yake kuhusu namna ya kuilaza. Iache huru, isiwe katika gia. Legeza mikanda. Funika shina la gia kwa plastiki, ulifunge. Usielekeze mpira wa maji juu ya sanduku hata kama tope limeganda. Na kila mwezi wa kiangazi pitisha mkono kwenye gia zote, injini ikiwa imezimwa, huku mtu akisukuma magurudumu. Ukisahau moja anakurudisha mwanzo, uwe mama, uwe mkubwa wa kampuni.

Kuna na hili: hafanyi kila kitu. Pampu ya injekta hagusi, anakutuma kwa mwingine. Wapo waliochukia kwa hilo. Mimi nilipenda, baada ya yule wa nyundo aliyekuwa anajua yote.

Nilirudi naye kwenye hesabu kabla ya kulipa. Aliweka mezani sili zetu za zamani, ule mpira uliopasuka na skrubu moja aliyobadili, nikavihesabu pamoja na bei zake. Hakuna kipuri nilicholipia bila kukiona.

Mkienda, nendeni asubuhi mapema, na mteremshe mashine wenyewe kwa sababu vijana wake ni wawili tu. Nunueni oili kabla ya kufika, kwani pale hauzi. Na angalieni dola zenu: noti yenye alama ya kalamu au iliyochanika pembeni anairudisha palepale, hata kama kazi imekwisha. Faranga anapokea bila maneno.