Punguzo la wazee lilivyokula kredi yangu ya melini

Kama umeshafika miaka 55, na wakala wako wa safari anakuambia kwamba bei ya wazee na kredi ya melini "vinapandana", yaani unapata vyote viwili kwa pamoja, mwambie aandike. Asiseme, aandike, kwa barua pepe, jina la ofisi yake likae chini. Mimi aliniambia kwa voisi ya WhatsApp, voisi tamu kabisa, ninayo mpaka leo, na nilipofika kaunta ya meli haikunisaidia kitu.

Wakala mwenyewe ni kijana wetu, Mswahili mwenzetu wa huku huku Houston. Jina silitaji wala la ofisi yake. Nilimpata kwenye kundi la akina mama wa jumuiya, ambako kila mwenye biashara anasifiwa na shangazi yake. Simu ya kwanza, shikamoo. Ya pili, shikamoo mama, mguu unaendeleaje? Nikasema huyu mtoto kalelewa. Shikamoo zilikatika wiki ile ile niliyomaliza kulipa.

Kwa ambao hawajapanda hizi meli: kredi ya melini ni pesa inayowekwa kwenye akaunti ya chumba chako. Ukinywa soda, ukipiga picha, ukienda masaji au ziara ya bandarini, inakatwa humo. Nyingi hairudishwi taslimu. Usipoitumia mpaka usiku wa mwisho, imeliwa. Na wakala hakupi kwa sababu anakupenda. Anaimega kwenye kamisheni anayolipwa na kampuni ya meli, au inakuja pamoja na vyumba alivyoshikiwa kwa bei ya kikundi. Kamisheni yenyewe inahesabiwa kwenye nauli tu, kodi na ada za bandari hazimo. Kwa hiyo nauli ikishuka, na cha kwake kinashuka.

Bei ya wazee ni mnyama mwingine. Kampuni nyingi zinaanzia miaka 55, inatosha mmoja wenu chumbani awe amefika umri, na haitoki kwa kila safari. Inajitokeza pale meli ina vyumba vya kujaza, kesho ukiitafuta haipo. Sasa, ukitolewa bei ya kikundi ukaingizwa bei ya wazee, umeshatoka kwenye kikundi, na kredi ya kikundi inabaki na wenye kikundi. Hilo si siri ya serikali. Wakala analijua, ndiyo kazi anayolipwa kuijua.

Sisi tulikuwa wawili, mimi na wifi yangu wa Dallas, chumba cha ndani kisicho na dirisha, usiku saba kutoka Galveston, Texas, kwenda kisiwa cha Roatán huko Honduras, na Costa Maya na Cozumel za Mexico, kisha kurudi. Tulikuwa kwenye bei ya kikundi, na ahadi ilikuwa dola 200 za kredi kwa chumba. Tukalipa amana, tukatulia. Siku zikiwa zimebaki chache kabla ya malipo ya mwisho, ambayo kwa safari kama hii hudaiwa karibu miezi mitatu kabla ya kuondoka, ikaja hiyo voisi. Sauti imejaa furaha. "Mama, nina habari njema, bei ya wazee imetoka, nimeshakubadilishia! Na kredi yako iko palepale, vinapandana, wewe usijali."

Punguzo lilikuwa dola 86. Nikafurahi, mbona nisifurahi. Lakini uthibitisho mpya ulipoingia nikausoma mstari kwa mstari, nikaona zile 200 hazimo. Nikamuuliza siku hiyo hiyo. Akajibu: "Inaingia yenyewe mkishapanda, mama." Hilo nalo ninalo.

Tukapanda. Jioni ya kwanza, kabla hata meli haijaiacha vizuri Galveston, wifi kashaweka miadi ya masaji ya mgongo, maana ndiyo tuliyoipangia ile kredi tangu mwanzo. Mimi nikawasha televisheni ya chumbani kutazama akaunti. Bakshishi za wahudumu zimeshaanza kukatwa, karibu dola 20 kwa kichwa kwa siku. Kwenye mstari wa kredi: 0.00.

Foleni ya kaunta ya huduma ilikuwa ndefu, kila mtu na kadi yake ya chumba mkononi na uso umekunjwa. Nilihudumiwa na binti wa Kifilipino, mpole, wa umri wa mwanangu wa mwisho. Akachapa, akanyamaza, akachapa tena, halafu akageuza skrini nisome mwenyewe. Hakulazimika kufanya vile, Mungu ambariki. Pale palikuwa na siku ambayo bei ilibadilishwa, jina la ofisi iliyobadilisha, na maelezo kwamba bei ya wazee haichanganywi na faida za kikundi. Akaniuliza taratibu: wakala wako hakukueleza?

Nikanunua intaneti ya siku moja, bei yake sitaki hata kuikumbuka, nikapiga simu.

"Mwanangu, kredi haipo."

"Madam, hilo ni suala la kampuni ya meli."

Madam! Juzi nilikuwa mama, mguu unaendeleaje.

"Kampuni ya meli wamenionyesha. Wewe ndiye uliyebadilisha bei."

"Si mlitaka punguzo?"

"Wewe ndiye uliyesema vinapandana. Nikuchezee voisi yako?"

Nyuma yake kulikuwa na watu wanacheka, muziki, labda walikuwa wanachoma nyama. Akavuta pumzi kama mtu anayesumbuliwa na mtoto, akasema: "Lakini nyie wazee bwana. Mko kwenye meli, mnakula bure, bado mnahesabu dola."

Simu sikuikata mimi, ilikatika yenyewe kwa mtandao mbovu wa baharini, na mpaka leo najuta sikupata nafasi ya kumjibu. Mnakula bure! Nimegeuza wagonjwa usiku kucha kwenye nyumba za wazee za Houston kwa miaka, nimevalisha watu soksi za kubana miguu saa kumi alfajiri, halafu mtoto niliyemlipa nauli kamili, ambaye amechukua kamisheni yake kwenye jasho langu, ananiambia nakula bure. Tena kwa Kiswahili. Mzungu angenijibu vile ningeandika malalamiko yakaisha. Huyu ni wa kwetu, kesho kutwa tutakutana kwenye msiba, atanishika mkono.

Tangu dakika ile meli nzima ikaniingia nongwa. Wali wao haukuiva. Mwimbaji wa kwenye bwawa alikuwa anapiga kelele. Mashine ya aiskrimu, ambayo wifi aliisifu kila siku, nikaiona imejaa vidole vya watoto. Kwa hiyo mtu akiniuliza meli ilikuwaje, sijui nimjibu nini, maana wifi yangu aliyekuwa chumba kimoja na mimi anasema ilikuwa nzuri sana.

Na pengine ilikuwa nzuri. Kule Roatán, kwa kuwa hatukuwa na kredi ya kulipia ziara ya meli, tulitoka getini kwa miguu, tukapatana na dereva wa teksi, akatupeleka upande wa pili wa kisiwa, Punta Gorda, kwa Wagarifuna. Hawa ni watu weusi ambao Waingereza waliwahamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha St. Vincent wakawatupa pale mwaka 1797, na bado wapo, na lugha yao wanayo. Wakatuletea machuca: ndizi zilizotwangwa kwenye kinu, na samaki wa mchuzi wa nazi pembeni. Nazi ya kukuna, siyo ya kopo! Mimi mtu wa Tanga nilikaa pale nikala kwa mkono, nikaomba tena. Wifi akasema, unaona, kredi ingekuwepo tungekuwa kwenye basi la watalii tunapigwa picha na nyani. Kweli. Je, nimshukuru wakala kwa hilo? Simshukuru.

Mezani kwetu usiku tulikaa na mzee mmoja wa Louisiana na mkewe, wastaafu wenye uzoefu wa haya mambo, na huyo ndiye aliyenimaliza. Yeye alikuwa na kredi mbili kwenye akaunti moja. Moja kapewa na wakala wake. Ya pili kapata kwa kumiliki hisa 100 za kampuni mama. Nilidhani ananitania, lakini ni kweli: kampuni za meli za Carnival na Royal Caribbean zote zina utaratibu huo, na kwa safari ya usiku saba mwenye hisa 100 anaomba dola 100. Lakini inabidi iombwe mapema, kwa ushahidi wa hisa. Nikamuuliza, na bei ya wazee? Akasema huwa anaacha bei ya wazee ikipita kama itamvunjia kredi. Anamwambia wakala ampe hesabu zote mbili kwenye karatasi, anatazama ipi inamwachia faida zaidi, ndiyo anachukua. Kumbe jambo ni la dakika tano. Wakala wake wa kule anafanya, wa kwangu anasema vinapandana.

Alichofanya wa kwangu ni sawasawa na muuza mchicha anayekushushia bei huku anachomoa fungu la nyongeza chini ya meza. Kaniokolea 86, kaniondolea 200. Nimepungukiwa dola 114, na aliyenipunguzia anataka nimshukuru.

Halafu msichanganye hili na kadi ya AARP, maana baadaye alijaribu kujitetea kwamba eti ni "mambo ya AARP". Sio. AARP ni jumuiya ya Marekani ya watu wa miaka 50 na zaidi, uanachama wake ni wa kulipia, na punguzo zake za meli kwa kawaida zina njia yake: unakata tiketi kupitia mlango wao. Ukishakata kwa mlango ule, aliyeko nyuma ya mlango ndiye wakala wako, na chumba kimoja hakina mawakala wawili. Kama unataka kredi ya wakala wako wa mtaani na zawadi ya mlango wa AARP kwa tiketi ile ile, sahau. Mimi kadi yangu ya AARP ilikuwa kwenye pochi safari nzima, haikuguswa na mtu. Ile jumuiya, wanasimulia, ilitokana na mwalimu mkuu mstaafu wa California, Ethel Percy Andrus, aliyemkuta mwalimu mwenzake mstaafu anaishi kwenye banda la kuku kwa kukosa hela. Mwaka 1958 akaianzisha. Banda la kuku! Na kijana wangu anatumia jina la huyo mama kujifichia dola 114.

Tuliporudi nilimwandikia ujumbe mrefu, wa heshima, nikaambatanisha voisi zake zote na picha ya uthibitisho. Alama za buluu zikawaka, kimya. Nikaandika tena, kimya. Nikamtajia shangazi yake. Kesho yake asubuhi dola 100 zikaingia benki, na neno moja: "Tumalizane."

Hapo ndipo napochanganyikiwa. Maana wakala mwingine yeyote, hasa wa mtandaoni, hanirudishii hata senti. Angenitumia masharti ya kurasa kumi na namba ya simu inayopigiwa muziki. Huyu kalipa, na kalipa mfukoni mwake, maana kamisheni ya chumba cha ndani kwa bei ya wazee haiwezi kuwa kitu cha kujivunia. Inawezekana hata yeye aliamini vinapandana. Inawezekana alinibadilishia bei kwa nia njema kabisa, akiona 86 ni 86. Nikiwaza hivyo nampa nyota tatu.

Halafu nasikiliza tena voisi. Sauti ile ya "usijali". Nakumbuka kicheko cha nyuma ya simu, "nyie wazee bwana", nakumbuka wifi yangu akiifuta miadi ya masaji na kuniambia mgongo wenyewe umeshapona, wakati namwona anavyopanda ngazi. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya binti wa Kifilipino, ambaye si mfanyakazi wake.

Kama mtaenda kwake licha ya haya, na najua mtaenda kwa sababu bei zake ziko chini, basi siku akiwapigia kwamba bei ya wazee imetoka, msiseme asante. Mwambieni asiguse kitu mpaka atume karatasi mbili: ya zamani na kredi yake, na ya mpya na kredi yake, kila moja na jumla chini. Na iwe kabla ya malipo ya mwisho, kwa sababu baada ya hapo kila anayejibu simu atawaambia mmechelewa.

Kwa hesabu yangu bado ananidai, samahani, bado namdai dola 14, achilia mbali ile intaneti. Jana kanitumia bei ya Alaska ya mwakani, kutoka Seattle, bila salamu. Nimezunguka kwingine kote kutafuta iliyo chini ya hiyo ili nimkomeshe, na sijaiona.