Vitabu vya maisha ya Queen: kipi kiagizwe mpaka mwisho wa reli

Mwenye pesa ya kitabu kimoja tu kuhusu Queen, bendi ya roki ya Uingereza, aagize cha Mark Blake, *Is This the Real Life?*, kilichotoka mwaka 2010. Tunalisema hili mwanzoni ili mwenye haraka aende zake. Yanayofuata ni ya yule aliyekwisha kuona majalada kumi kwenye simu, yote yana Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi, kanyanyua ngumi, na hajui tofauti yake ni nini. Kigoma kosa la kuchagua kitabu lina gharama. Muuzaji yuko Dar es Salaam au ng'ambo, nauli ya kifurushi umeshalipa, na hakuna duka Mwanga wala Ujiji litakalokubadilishia kitabu cha Queen kwa kingine.

Kwanza tenganisha vitabu vya bendi na vitabu vya Freddie. Vingi vinavyouzwa kama vya Queen ni vya mtu mmoja, na humo wenzake watatu, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, wanapita kama wageni wa harusi. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, maana Queen ilikuwa bendi ambayo wote wanne walitunga. Ule mdundo wa besi wa "Another One Bites the Dust", uliofika namba moja Marekani mwaka 1980, ni kazi ya Deacon, yule mpole wa pembeni. Unayetaka kujua muziki ulivyotengenezwa, kitabu cha Freddie peke yake kitakuacha na njaa.

Msomaji wa Tanzania ana mizani ambayo msomaji wa London hana, nayo ni sura ya Unguja. Freddie, kwa jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, katika familia ya Waparsi wenye asili ya Gujarati. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha wa mahakama chini ya serikali ya Waingereza. Mtoto akiwa bado mdogo alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, na huko ndiko alikopiga piano katika bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Familia ilihamia Feltham, nje kidogo ya London, mwaka 1964.

Sasa soma mwandishi anavyoyapanga hayo. Akiandika kwamba Freddie alizaliwa "Tanzania", msamehe, ingawa mwaka 1946 nchi ya jina hilo haikuwapo. Lakini akiihamisha familia mwaka 1964 bila kueleza Mapinduzi ya Januari 12, au akiyapitia kwa nusu sentensi kama mvua iliyonyesha mchana, basi huyo amenakili kutoka kwa mwenzake. Hakufuatilia. Akisema kijana alikulia Unguja mpaka akawa mtu mzima, kosa ni kubwa zaidi: miaka yake mingi ya shule aliimalizia India. Na wapo wanaolishika lile neno "Bismillah" la katikati ya wimbo "Bohemian Rhapsody" wakalijengea nadharia nzima ya utoto wa Zanzibar. Neno moja halibebi nyumba. (Vijiwe vyetu navyo vina kosa hilohilo, tusijitoe.)

Uzuri wa mizani hii ni kwamba mara nyingi unapima bure. Vitabu vya Kindle, vile vya kusomea kwenye simu, hutoa sampuli, kwa kawaida kama asilimia 10 ya mwanzo, na maisha ya utotoni hukaa hukohuko mwanzoni. Kitabu cha kurasa 400 kitakupa kama 40, zinazotosha kuhukumu. Tahadhari moja: waandishi wengi hupenda kufungua kwa siku ya Live Aid, tamasha la hisani la uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985, halafu ndipo warudi Zanzibar, na sampuli inaweza kuisha kabla hujafika huko. Hapo hamia mbinu ya faharasa, ile orodha ya majina na mada mwishoni mwa kitabu. Mwombe muuzaji apige picha kurasa za faharasa za nyuma akutumie kwa WhatsApp, pamoja na ukurasa wa hakimiliki wa mbele. Kurasa hizo zitakueleza zaidi ya jalada na sifa zote zilizochapishwa nyuma yake. Kitabu cha maisha ya bendi kisicho na faharasa kabisa kitilie shaka.

Kwenye faharasa tafuta maneno manne. La kwanza ni majina ya wapiga besi. Kabla ya Deacon kuingia mwaka 1971, Queen ilishapitiwa na watatu: Mike Grose, Barry Mitchell na Doug Bogie. Filamu ya 2018 kuhusu bendi hii, *Bohemian Rhapsody*, inamweka Deacon jukwaani tangu siku ya kwanza, na vitabu vilivyoandikwa haraka kufuata mkia wa filamu hurudia hivyohivyo. Filamu hiyohiyo inaonyesha Freddie akiwaambia wenzake ugonjwa wake, UKIMWI, kabla ya Live Aid, wakati Jim Hutton, mwenzi wake aliyekuwa nyumbani, anaweka majibu ya vipimo mwaka 1987. Inaonyesha pia kwamba albamu binafsi ya Freddie ndiyo iliyovunja bendi. Roger Taylor alikuwa ametoa yake tangu 1981! Na Queen haikuwa imevunjika: walitoa albamu mwaka 1984 na walikuwa bado kwenye ziara mwaka 1985, wiki chache kabla ya Wembley.

La pili ni Trident. Hapa ndipo kitabu kizuri kinapoachana na kitabu cha picha, kwa sababu ndipo penye pesa. Queen walisaini na Trident mwaka 1972, kampuni ya ndugu wawili, Barry na Norman Sheffield, iliyokuwa na studio yake London. Albamu ya kwanza waliirekodi katika saa zilizobaki, wateja wanaolipa wakishaondoka, na ikatoka Julai 1973. Kisha wakagombania mapato, wakaachana mwaka 1975, na Freddie akafungua albamu iliyofuata kwa wimbo wa matusi ambao Norman Sheffield aliona umemlenga yeye. Kitabu kinachosema tu "waliibiwa" hakijafanya kazi. Kizuri kitaeleza nani alilipia vyombo, nani alilipia studio, na kwa nini bendi yenye nyimbo redioni bado ilikuwa inaishi kwa posho. Norman Sheffield naye alitoa kitabu chake mwaka 2013 akieleza upande wake. Kwa hiyo kila kilichochapwa kabla ya hapo, cha Blake kikiwamo katika toleo lake la kwanza, hakikuwa na utetezi huo mezani. Kumbuka hilo unapokisoma.

Kwenye pesa hizohizo angalia kama mwandishi anaeleza upande wa pili wa santuri ya "Bohemian Rhapsody". Upande huo ulikuwa na wimbo wa Taylor kuhusu gari. Kwa kuwa santuri ni moja, kila nakala iliyouzwa ilimlipa Taylor mrabaha sawa na wa Freddie, na wimbo ulikaa namba moja Uingereza wiki 9. Manung'uniko yake yalidumu miaka. Ilipofika albamu ya 1989 waliamua nyimbo zote ziandikwe kwa jina la Queen, wagawane sawa. Mwandishi anayeunganisha matukio hayo mawili anajua bendi inavyokaa pamoja au inavyoachana. Wanamuziki wa hapa mwisho wa reli, ambao kila siku wanagombana kuhusu nani kaandika mstari upi, wangeisoma sura hiyo mara mbili.

La tatu ni Sun City. Oktoba 1984 Queen walipiga muziki katika hoteli hiyo ya starehe huko Bophuthatswana, ndani ya Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati wasanii walikuwa wametakiwa kuisusia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha yake ya waliovunja ususiaji. Wakati huohuo Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia nchi yao walikuwa wakisoma katika shule ya ANC. Msomaji wa huku hawezi kuruka sura hiyo, na mwandishi hana ruhusa ya kuiruka. Tafuta kama anaweka maelezo ya bendi na hoja za waliowapinga pamoja, au anakimbilia Live Aid ya mwaka uliofuata kana kwamba ilifuta deni.

La nne ni Deacon mwenyewe, safari hii kwa wakati wa sasa. Alijitoa kwenye muziki baada ya 1997 na hazungumzi na waandishi. Jalada likikuahidi mahojiano mapya naye, rudisha pesa mfukoni. Kizuri kitamnukuu kutoka magazeti ya zamani na kutaja mwaka.

Kwa mizani hiyo Blake anapita vizuri. Ni mwandishi wa magazeti ya muziki, na nguvu yake iko kwenye miaka ya mwanzo: bendi ndogondogo kabla ya Queen, vyumba vya kupanga, kina Smile (bendi ya May na Taylor kabla ya Queen), watu waliokuwapo na wakaachwa njiani. Kiingereza chake kinasomeka kwa aliyemaliza kidato cha nne na kamusi ya simu pembeni. Upungufu wake ni tarehe: toleo la kwanza linaishia enzi za Paul Rodgers, mwimbaji aliyepanda jukwaani na Queen baada ya Freddie, hivyo Adam Lambert, mwimbaji aliyemfuata, na filamu ya 2018 hutavikuta.

*Queen: As It Began* cha Jacky Gunn na Jim Jenkins, 1992, ni cha kibali cha bendi, na Gunn alikuwa mtu wa klabu ya mashabiki. Tarehe na ziara ni za kuaminika kuliko kwingine. Ila kilitoka miezi michache baada ya msiba, Freddie akiwa amefariki tarehe 24 Novemba 1991, na kinasoma kama kitabu cha familia: mezani kuna mambo hayatajwi. Kichukue kama cha pili, cha kuhakiki tarehe.

Lesley-Ann Jones ndiye atakayekuumiza mfuko, na si kwa sababu anaandika vibaya. Kitabu chake kuhusu Freddie kilitoka 1997, kikaandikwa upya 2011, kikauzwa Marekani kwa jina tofauti na la Uingereza, kisha kikarudi sokoni na jina la tatu lililoazimwa kwenye wimbo. Majalada matatu, kitabu kimoja. Ndiyo maana unapomwagiza mtu Dar es Salaam usimtumie jina la kitabu peke yake. Mtumie ISBN, zile tarakimu 13 zinazoanza na 978 (matoleo ya zamani huwa na 10), pamoja na mwaka wa toleo. Chenyewe kinasomeka kwa mkupuo, lakini kinapenda mazungumzo ya faragha kuliko studio.

Jim Hutton aliandika *Mercury and Me* mwaka 1994. Usikinunue kwa ajili ya muziki. Hutton aliingia maisha ya Freddie katikati ya miaka ya 1980, hivyo miaka ya 1970 haimo kabisa. Ila kwa nyumba ya Garden Lodge, bustani, paka na miezi ya mwisho ya ugonjwa, hakuna aliyekuwa karibu zaidi na akaandika. Kiingereza chake ni chepesi kuliko vyote hapa.

Georg Purvis, *Queen: Complete Works*, ni kamusi ya nyimbo, albamu na maonyesho. Usikisome mfululizo, utachoka. Kiweke karibu na spika. *Queen in 3-D* cha Brian May, 2017, ni picha alizopiga mwenyewe kwa mtindo wa pande tatu, nacho huja na kifaa cha kutazamia. Ukinunua cha mtumba uliza kwanza kama kifaa kimo, maana bila hicho umenunua picha mbilimbili zinazofanana.

Nakala ya kopi utaijua kwa kurasa za picha. Kitabu halali cha aina hii mara nyingi huwa na kurasa za karatasi ya kung'aa katikati, na kopi huzichapa kwenye karatasi ya kawaida mpaka sura ya Freddie inakuwa doa jeusi. Fungua pia katikati ukandamize: gundi mbaya hupasuka mgongo papo hapo, na baada ya wiki mbili unasoma kitabu cha karatasi za kuokota. Kwa mtumba hesabu kama kurasa za picha zimo, kwani wengi huzikata wakabandika ukutani.

Kifurushi cha basi kifungwe nailoni mara mbili, ndani na nje ya boksi. Buti za mabasi ya Kigoma hubeba mawese na dagaa zikienda, na zikirudi sakafu bado ina mafuta. Mawese yakiingia kwenye karatasi hayatoki, na harufu ya dagaa itakaa mpaka sura ya mwisho. Maji nayo yana taabu yake kwenye zile kurasa za kung'aa. Ukipokea kitabu kimelowa usikianike kikiwa kimefungwa. Achanisha kurasa za picha moja moja zikiwa bado mbichi, weka karatasi nyeupe katikati yake, ndipo uache zikauke kivulini. Zikikauka zimeshikana, ukizivuta picha hubaki nusu huku na nusu kule.